Ewe Fundi wa Gundi, Niachie Klarineti Yangu

Sina ugomvi na mafundi wa nchi hii kwa jumla. Fundi bomba nampisha, fundi umeme namwogopa, fundi cherehani ndiye anayenisitiri. Ugomvi wangu ni na fundi mmoja tu, ambaye Dar es Salaam hii hakosekani chini ya mwembe wowote. Umpelekee redio, kiatu, miwani, feni au meno ya bandia, atakitazama mara moja, atasema "kazi ndogo hiyo, mzee wangu," kisha ataingiza mkono mfukoni na kutoa kichupa cha gundi.

Mimi napuliza klarineti. Kwenye harusi mnatuita sote "watu wa matarumbeta", na sina haja ya kuwasahihisha mradi sinia la pilau litufikie. Lakini kaeni mkijua kwamba mwenye tarumbeta ana vali tatu tu, na bado anajisikia. Klarineti ya kawaida ina vibonyezo 17 na pete 6, na nyuma yake kuna springi, pedi, skrubu na vinguzo vya kushikilia vyote hivyo. Vidole vya kuviendesha ni tisa, maana dole gumba la kulia limeajiriwa kubeba mzigo tu. Vibonyezo na pete hizo zote visipoitikia kwa pamoja, hakuna wimbo. Nionyesheni ukoo mmoja wa watu 23 ambao hukubaliana papo hapo, hasa siku ya kugawa mirathi.

Ubaya wa klarineti ni kwamba haina kosa dogo. Hewa haina subira: tundu la kwanza inalolikuta wazi, inatokea hapo hapo. Pedi moja ya juu ikivuja upana wa unywele, noti zote za chini yake zinaumwa. Mpulizaji anadhani ulimi wa mwanzi umekufa, ananunua mwingine. Anadhani mapafu yamechoka, anaacha sigara. Anadhani amerogwa, anatafuta mtaalamu. Kumbe tatizo ni kipande cha felti cha milimita 10 hivi kilichokataa kukaa sawa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa klarineti, usipoziba ufa hujengi ukuta wala kibanda, unawapulizia maharusi upepo.

Ya kwangu niliirithi kwa marehemu baba mdogo, aliyeipuliza enzi ambazo watu walivaa suti kwenda dansini. Ilitengenezwa Ulaya, lakini mwili wake ni mpingo, na hapo ndipo hasira yangu inapopata miguu. Mpingo ni mti wetu. Uko Kilwa, uko Lindi, unavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Unaweza kumaliza miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kupasuliwa, na ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Viwanda vya klarineti vya Ulaya vinaupenda kwa sababu unachongeka kwa usahihi na unashika skrubu ndogo bila kumung'unyika. Kwa hiyo gogo la kusini lilipanda meli, likaenda kutobolewa na kuvishwa vyuma, likarudi nyumbani na cheo. Limefika salama, limevuka bahari mara mbili, halafu kijana wa chini ya mwembe anataka kulimaliza kwa gundi isiyofika bei ya soda.

Vile vyuma vyenyewe vinang'aa, ndiyo maana kila mtu anadhani ni fedha. Si fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na ndani yake hamna fedha hata punje. Mke wangu alishaulizia.

Hali niliyoikuta kwenye klarineti hiyo ilikuwa makumbusho ya ufundi wa taifa. Kila aliyepita aliacha alama yake. Springi moja ilikuwa imevunjika, nafasi yake ikashikwa na mpira wa kufungia noti za benki, ambao nao ulikuwa umeoza. Pedi moja ilikatwa kwenye kandambili. Rangi ya buluu bado ilionekana. Nyingine iligandishwa kwa nta ya mshumaa. Mahali palipotakiwa koki, ile inayotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo, palizungushwa uzi wa cherehani hadi vipande viwili vya mwili vikawa haviachani, wala haviungani sawasawa. Na chini kabisa, kwenye kifuniko kikubwa, kulikuwa na kitu ambacho baada ya uchunguzi tulikubaliana kuwa ni bazoka.

Bado niliamua kuwapa vijana nafasi. Nikampelekea mmoja aliyesifiwa na mtaa mzima.

"Kazi ndogo hiyo, mzee wangu."

"Unakijua hiki ni nini?"

"Si filimbi?"

"Sawa. Skrubu hii imeshika kutu. Utaifunguaje?"

"Tunaigonga kidogo."

"Na kibonyezo hiki kilichokatika?"

Akaingiza mkono mfukoni. Nikafunga sanduku langu.

Yeye hajui, lakini watu wamekesha karne nzima kwa ajili ya vyuma hivi. Johann Christoph Denner wa Nuremberg, anayetajwa kuwa ndiye aliyeianzisha klarineti mnamo 1700 hivi, alianza na vibonyezo viwili. Mwaka 1812 Iwan Müller alipeleka Paris klarineti yenye vibonyezo 13, na pedi laini zilizojazwa badala ya ngozi bapa zilizokuwa zikivuja kila mahali. Kamati ya Konsevatwari, chuo cha muziki cha huko, ikaketi, ikaikagua, ikaikataa, kwa sababu kamati ni kamati hata Ulaya. Mwaka 1839 Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet wakaonyesha mfumo wenye pete, wakapata hataza mwaka 1844, na ndio mfumo uliomo kwenye klarineti nyingi mpaka leo. Wote hao walikuwa wakipigania jambo moja: namna ya kuziba tundu ambalo kidole hakilifikii. Hakuna hata mmoja aliyependekeza gundi ya kiatu.

Sasa sikilizeni kinachoniudhi zaidi. Ufundi unaotakiwa upo mjini humu humu. Haujakaa chini ya paa moja, basi.

Ukitaka kufungua skrubu zilizoshika kutu, nenda kwa fundi saa, yule mzee wa kioo cha jicho moja. Niliyemwendea mimi alinikaribisha stuli, akaigeuza klarineti polepole, akasema, "Mzee mwenzangu, hii hatuifungui leo." Hapo nikajua nimefika. Alidondosha mafuta mepesi kwenye kila skrubu, akaiacha ilale. Zilizobaki na ukaidi alizipasha moto kwa ncha ya chuma cha kulehemu, chuma kikatanuka, kutu ikaachia. Bisibisi yake ilijaa kwenye mfereji wa skrubu bila kucheza, kwa hiyo hakuchubua hata kichwa kimoja. Na kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye kipande cha boksi, mahali pake, kwa mpangilio ule ule wa kwenye klarineti. Klarineti za zamani zilifungwa kwa mkono, kila skrubu na shimo lake. Ukizichanganya, kibonyezo kimoja kinabana na jirani yake analegea, halafu unalaumu hali ya hewa.

Hali ya hewa nayo ina dhambi zake, nisiifiche. Hewa ya chumvi ya pwani inakula vijiti vya chuma vilivyojificha ndani ya mirija ya vibonyezo. Mbao ikikauka na kulowa, vinguzo vinalegea na kuzunguka kidogo, na kinguzo kikizunguka kidogo kibonyezo hakirudi. Mirija nayo ikilika kwa miaka, kibonyezo kinayumba kushoto na kulia, na pedi inatua mahali tofauti kila ikibonyezwa. Dawa yake ni kuubana mrija kwa koleo lenye mdomo laini, taratibu, hadi metali irefuke kiasi cha kujaza pengo. Tone la gundi hapo ni kukifunga kibonyezo kifungo cha maisha.

Kibonyezo kilichokatika ni kazi ya sonara. Analehemu kwa fedha, moto mkali, kiungo kinatoka na nguvu ya kubonyezwa miaka mingine mingi. Mtu wa redio atakilehemu kwa ile risasi yake laini, na kitakatika katikati ya wimbo wa kukata keki. Masharti ni kwamba utoe pedi, koki na springi kabla ya moto. Pedi ni felti iliyovishwa ngozi nyembamba ya utumbo wa ng'ombe, na springi ya chuma ikipata moto mwingi inapoteza ukali wake wote.

Springi zenyewe nyingi ni sindano. Mafundi wa zamani walipoishiwa walichukua sindano za kushonea, kwa sababu chuma chake ni kizuri, ila kilivyo dukani ni kigumu mno na ukikipinda kinakatika. Kinapashwa moto polepole mpaka kigeuke buluu, ndipo kinakubali kupindwa na kurudi. Sindano pakiti nzima iko dukani kwa Mangi, bei ya kununulia andazi. Lakini hapana, sisi tunafunga mpira wa noti.

Pedi ndizo zinazoniumiza mfuko, maana naagiza nje, na nauli inazidi bei ya mzigo. Zikifika, zibandikwe kwa shelaki, ule ulimbo wa wadudu wa India ambao maseremala wa zamani walipakia fanicha. Siri ya shelaki ni kwamba inayeyuka kwa moto na kuganda ikipoa. Pedi ikikaa upande, unapasha kikombe chake, unaisogeza, unaacha ipoe. Kisha unakata kijipande cha karatasi ya kusokotea sigara, unakiweka chini ya pedi, unafunga, unakivuta: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kikishikwa sawa pande zote, mshukuru Mungu. Kikiteleza upande mmoja, rudi kwenye moto. Noti ya chini kabisa ina vifuniko viwili vinavyotakiwa kutua kwa pamoja, kwa hiyo pale utarudi kwenye moto mpaka chai ipoe.

Na kabla hujamlipa mtu yeyote hata shilingi, geuza klarineti utazame mihuri yake. Ukiona herufi HP, pole sana. Zamani, hasa Uingereza, bendi nyingi zilipiga kwa sauti ya juu, noti ya A ikiwa kwenye mitikisiko 452 hivi kwa sekunde badala ya 440 ya leo. Bendi za jeshi lao ziling'ang'ania mpaka miaka ya 1920. Chombo hicho utakikarabati, kitang'aa, kitaziba, na bado kitagombana na kinanda kila wimbo, kwa sababu mwili wake ni mfupi na matundu yake yako mahali pengine. Hiyo haina fundi. Hiyo ni pambo la sebuleni, na muuzaji wa mitumba aliyekuapia kuwa "ni orijino" hakukudanganya.

Basi nawaomba, nyie mnaotunza klarineti ya babu juu ya kabati: msiigonge, msiipake mafuta ya kula, msimpe mtoto aichezee wakati mnasubiri nafasi ya kuipeleka kwa fundi. Msitupe kibonyezo kilichokatika hata kama mnadhani hakina maana, kwa sababu cha kufanana nacho hamtakipata dukani. Skrubu mpelekeeni fundi saa, kilichokatika mpelekeeni sonara, na bei wakitaja lipeni bila kulia. Na mwenye kijana anayezunguka mtaani bila kazi ampeleke akae na wazee hao wangali hai, ajifunze yote mawili kwenye meza moja. Bendi zipo na klarineti zipo. Anayekosekana ni fundi.