Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Mashine ya Majibu

Steshenari ya Mtaani,
Kibamba, Manispaa ya Ubungo,
Dar es Salaam.

Kwa Mheshimiwa sana Mwenye Mashine ya Majibu,
Ughaibuni.

YAH: OMBI LA MASHINE YAKO KUJITAMBULISHA KIBAMBA

Mheshimiwa, shikamoo. Huenda kwa umri nimekuzidi, lakini mamlaka nayo yana mvi zake, nami naziamkia. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kama huko kwenu kuna salamu nyingine, ihesabu kuwa nimeitoa. Nakuomba radhi kwa kukukatizia shughuli. Najua barua kutoka Kibamba haimo katika ratiba yako, na sitashangaa isiposomwa. Hata hivyo, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye steshenari kandokando ya Barabara ya Morogoro, upande wa njia iendayo Hospitali ya Mloganzila. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za paspoti, najaza fomu za mikopo ya wanafunzi na maombi ya ajira. Kwa miaka mingi watu wa hapa wamekuja na neno moja: "Mjomba, nitafutie." Nilifungua kurasa nne au tano, nikazilinganisha, kisha nikamwambia mteja kwamba hili limetoka wizarani na hili limeandikwa na mtu tu. Sasa mashine yako inatoa jibu moja, juu kabisa, limepigwa pasi, na mteja hana haja ya kufungua ukurasa wowote. Nakushukuru kwa kunipunguzia kazi.

Nakushukuru pia kwa kujitahidi kusema nasi kwa Kiswahili. Dada mmoja jirani yangu aliiuliza mashine yako kliniki fulani hufunguliwa saa ngapi. Ikamjibu kwa adabu: saa 8 asubuhi. Mheshimiwa, katika Kiswahili hakuna saa nane asubuhi. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, na hiyo mnayoiita saa nane kwetu ni saa mbili. Dada akadhani kilichokosewa ni neno "asubuhi", akashika saa nane, akaenda mchana wa jua kali na mtoto mgongoni. Akakuta foleni imekwisha na mlinzi anafunga geti. Aliporudi hakukulaumu hata kidogo. Alisema, "Labda mimi ndiye niliyeuliza vibaya." Maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Fundi wa vyuma wa hapa jirani naye aliuliza namna ya kunoa meno ya mbuzi. Mashine ikamweleza, kwa upole na kwa urefu, jinsi ya kukagua kinywa cha mnyama na dawa ya kumpa. Fundi alikuwa anauliza kuhusu mbuzi ya kukunia nazi, chombo ambacho mtoto wa Pwani hukijua kabla hajajua kusoma. Bando lake likaisha akiwa bado anasoma habari za ufizi. Mashine haikusema hata mara moja, "Sikuelewa." Hilo, Mheshimiwa, ndilo linaloniumiza kuliko kosa lenyewe.

Nimesoma kwamba huko kwenu kuna mashindano makubwa. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 30, 2022, kila mwenye mtambo wa kutafuta amekimbilia akili mnemba. Microsoft iliiweka kwenye Bing Februari 2023. Google ilianza kuwapa Wamarekani wote majibu ya namna hiyo juu ya matokeo yake Mei 2024. Agosti 5 mwaka huohuo Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake katika utafutaji. Katika kesi hiyo ilibainika kuwa mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari. Septemba 2, 2025 jaji huyo alipiga marufuku mikataba ya kuwafungia washindani mlango, akaamuru wapewe sehemu ya data, lakini malipo yenyewe hakuyakataza.

Nafurahi, Mheshimiwa, kujua kwamba nafasi ya kwanza kwenye simu ya mtu ina thamani kubwa kiasi hicho. Simu ya dada yule ilitoka dukani ikiwa tayari imechaguliwa mashine ya kuulizia. Mabilioni yalizungumza, yeye hakuulizwa. Mkishindana ninyi kwa ninyi kumnunua muulizaji, bila kushindana kumwelewa, basi mshindi atapatikana na sisi tutaendelea kufika kliniki saa nane.

Wala si kwamba sisi ni wageni katika kazi yenu. Mwaka 2009 Google iliendesha shindano ambapo wanafunzi wa vyuo wa Kenya na Tanzania waliandika makala za Wikipedia ya Kiswahili. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba vijana wa Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walisoma maandishi ya kutisha ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Tunashukuru kwa kukumbukwa wakati wa kazi. Tunaomba tukumbukwe pia wakati wa jibu. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO, na kila Julai 7 dunia inakiadhimisha. Lugha yenye sikukuu yake inastahili kuwekewa saa sahihi.

Kwa unyenyekevu mkubwa, sasa naleta ombi langu.

Hapa kwetu mgeni akihamia, hujitambulisha kwa mjumbe, kisha huenda Serikali ya Mtaa. Mimi mwenyewe sikuweza kufungua akaunti ya benki bila barua ya utambulisho. Naomba mashine yako nayo, kabla ya kuendelea kujibu watu wa Kibamba, ije ichukue barua hiyo. Ilete wadhamini wawili wanaoishi mtaani hapa na picha mbili za paspoti. Picha nitaipiga mimi, bila malipo, na nitatafuta namna ya kuifanya itazame kamera.

Baada ya hapo ikae kwenye benchi langu siku 90 za majaribio, pamoja na mashine za washindani wako wote, benchi moja, bila kulipia nafasi ya mbele. Mama lishe, bodaboda, fundi wa vyuma na dada wa kliniki waziulize maswali yao. Kila jibu litaje limetoka kwa nani, ili mwandishi wake asipotee. Mashine itakayokuwa ya kwanza kusema "Sijui, ngoja niulize" ndiyo tutakayoichagua, na tutaichagua kwa mikono yetu. Nakala ya barua hii naipeleka Tume ya Ushindani, ambayo imekuwepo kwa Sheria ya mwaka 2003, wapate kushuhudia ushindani wenyewe.

Ikiwa mashine haiwezi kusafiri, Mheshimiwa, njoo wewe. Shuka Kibamba, uliza steshenari kwa mjomba, hakuna asiyenijua. Benchi nimelifuta vumbi. Nafungua saa mbili asubuhi.

Wako mtiifu,
Mwenye steshenari, Kibamba.