Ruhusa ya Kunusa

Mwaka 2008 ubalozi wa Marekani mjini Beijing uliweka juu ya paa lake chombo cha kupima vumbi, lile jembamba ambalo chembe yake ni kama sehemu ya thelathini ya unene wa unywele, nacho kikawa kila saa kinaitangaza hesabu yake hadharani. Hata Novemba 2010, ilipopindukia 500, ukomo wa kipimo chenyewe, kikanena kuwa hewa imechafuka kiwendawazimu, kauli ambayo wenyewe waliifuta upesi kwa haya.

Wakubwa wa China, ambao taadhima ya dola kwao si jambo hafifu, walitamka mnamo Juni 2012 kuwa mgeni kutangaza habari za hewa ya mwenyeji ni kinyume cha Mkataba wa Vienna unaotawala mwenendo wa mabalozi; vumbi, bila shaka, halikuwa limeusoma. Hatimaye wakatandaza vipimo vyao wenyewe mji kwa mji, na hewa ikatakata kiasi.

Machi 2025 Marekani yenyewe, kwa udhuru wa uhaba wa fedha, iliacha kutangaza hesabu za balozi zake zote, ya Kampala ikiwamo. Vyombo viliamriwa viendelee kunusa, ila visiseme.