Kompyuta Bubu kwa Njia za Mkato

Unataka kompyuta isiyotoa sauti. Unataka pia mgeni akae kando yake, ageuze shingo huku na huku, kisha aulize, "Hivi imewashwa?" Usione haya kulitamani swali hilo, sote tunapenda kuulizwa. Wengine hulifikia kwa kukesha na kwa kumaliza akiba. Wewe utapitia mlango wa uani, nami nitakushika mkono.

1. Anza kwa kula kidogo

Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka kama joto. Kwa hiyo mkato mfupi kuliko yote ni kutolizalisha joto lenyewe. Mwaka 2004 Pentium 4 za kizazi cha Prescott zilipanda hadi wati 115, na aliyetaka kuzipoza bila feni alikuwa na shughuli. Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, imepangiwa wati 6. Inaandika barua, inaonyesha filamu, inaingia mtandaoni, na kipande cha alumini chenye mapezi kinaitosha. Kama kazi zako ni hizo, nunua moja, mpe seremala akuchongee sanduku la mninga lenye uwazi chini na juu, na mambo yaishie hapo. Hakuna mgeni atakayefungua sanduku la mninga.

Kama unahariri video au unacheza michezo mizito, utahitaji prosesa kubwa. Hata hiyo idanganye. Ingia kwenye BIOS, shusha volti kidogo kidogo. Ulaji wa umeme wakati wa kazi hufuata mraba wa volti: ukipunguza asilimia 10, unaokoa karibu asilimia 19, na mwendo unabaki uleule. Mashine ikianza kuganda, rudisha hatua moja. Hii ni bure, na ndiyo maana wengi hawaifanyi. Haionekani kwa macho, haina cha kujisifia.

2. Yatumie maji kwa yanachokiweza

Watu huamini kwamba maji humeza joto likaisha. Waache waamini, lakini wewe ujue ukweli, kwa sababu ujanja wote umo humo. Maji hubeba joto tu, yakalitua mahali pengine. Hapo mahali pengine ndipo penye kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Zalman ya Korea Kusini iliuza mnara wa alumini wa buluu uitwao Reserator 1: urefu karibu sentimita 60, mapezi pande zote, maji lita 2.5 ndani, pampu kwenye kitako, bila feni. Ulisimama sakafuni kando ya meza, na walioununua walijua kabisa kwamba wananunua pia umbo lake. Fanya hesabu yake. Lita 2.5 za maji zikipokea wati 100 bila kupoteza chochote hupanda nyuzi 10 kwa dakika 17 hivi. Baada ya hapo ni mapezi peke yake yanayokuokoa.

Sasa chukua ndoo ya lita 20. Wati zilezile 100 zinahitaji zaidi ya saa mbili na robo kuipandisha nyuzi 10, hata kama ndoo haitoi joto lolote pembeni. Umeona? Mtu anayefanya kazi saa mbili, akaenda kula, akarudi jioni, hahitaji mnara wa Korea. Anahitaji ndoo yenye mfuniko, iliyofichwa nyuma ya kabati, na mipira miwili ya kwenda kwenye prosesa na kurudi. Mfuniko si mapambo: maji yaliyotuama wazi ndani ya nyumba ni mazalia ya mbu. Mpira na ndoo viwe vya rangi nzito isiyopitisha mwanga, la sivyo utafuga mwani wa kijani.

Maji yenyewe yawe yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri la gari. Soma chupa vizuri, usije ukabeba asidi. Na usichanganye shaba na alumini kwenye maji mamoja. Alumini italiwa kimyakimya. Chagua metali moja, au tia kulenti ya gari yenye dawa ya kuzuia kutu. Nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu, basi ndoo ikae mbali na watoto na paka.

3. Tafuta rejeta mahali wasipotafuta wenzako

Ukifanya kazi kutwa, ndoo nayo itahitaji pa kulimwaga joto lake hewani, na hewa inayopanda yenyewe ni mvivu. Eneo la mita moja ya mraba huachia wati 5 hadi 10 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati yake na chumba. Ukitaka kutoa wati 100 kwa tofauti ya nyuzi 20, unahitaji zaidi ya nusu mita ya mraba ya chuma kilichotandazwa. Hapa ndipo wajenzi wengi huangukia. Wananunua rejeta ndogo ya hita ya gari, yenye mapezi yaliyobanana, wanaitundika ukutani bila feni, kisha wanashangaa inachemka. Rejeta hiyo imezaliwa kwa ajili ya upepo wa kusukumwa. Hewa tulivu haiwezi kupenya humo.

Nenda kwa fundi friji. Nyuma ya friji za zamani kuna wavu mweusi wa bomba lenye nyaya zilizoachana. Huo ulisanifiwa kutoa joto kwa hewa tulivu, na umefanya hivyo jikoni miaka yote bila mtu kuushukuru. Mwombe wavu kutoka friji iliyokufa. Gesi aitoe yeye kwa vifaa vyake, usikate bomba mwenyewe, na aoshe mafuta ya ndani. Bomba ni jembamba, hivyo maji yatapita taratibu. Tafuta nyavu mbili uziunge sambamba, njia mbili badala ya moja. Kwa kuwa bomba ni la chuma, dawa ya kutu hapa ni lazima. Simamisha wavu wima, uuache mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ili hewa iingie chini na kutokea juu.

Kisha ridhisha nafsi: upake rangi. Chuma kinachong'aa kinashikilia joto lake, kilichopakwa rangi kinalimwaga kwa mionzi mara kadhaa zaidi. Na hapa una uhuru mtamu, maana kwa joto la kiasi hiki nyeupe inafanya kazi sawa na nyeusi. Chagua inayofanana na mapazia.

4. Ikodi feni ambayo hakuna anayeihesabu

Ukikaa Njombe au Limuru, chumba chenyewe ni nusu ya mtambo wako. Ukikaa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, chumba kinafika nyuzi 30 na zaidi, na hesabu yote ya hapo juu inaanzia hapo. Usikate tamaa. Tazama dari. Ile feni kubwa inayozunguka polepole ipo nyumbani kwako kwa sababu nyingine kabisa, na masikio ya kila mtu yalishaizoea. Sogeza wavu wako chini yake. Pumzi ndogo tu ya upepo huongeza sana joto linaloondoka. Prosesa inabaki haina feni, nawe unaapa bila kusema uongo.

Ndani ya sanduku, hata hivyo, nakuomba uweke feni moja. Ya milimita 140, izunguke mara 500 kwa dakika, itazame chini. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, sauti hushuka kwa karibu desibeli 15, na sikio huhesabu kila desibeli 10 kama nusu. Hutaisikia, na mgeni hataisikia. Sababu yake ni nzito: maji yanapoza prosesa peke yake, lakini visambazaji vya umeme vilivyoizunguka kwenye madabodi vilikuwa vinaishi kwa upepo wa feni uliyoing'oa. Mashine nyingi "zisizo na feni" hufia hapo, prosesa ikiwa baridi kabisa.

5. Nyamazisha pampu

Hii ndiyo siri inayofichwa na wapenda maji: feni zikishaondoka, pampu ndiyo inayosikika. Ile ya tangi la samaki inayokula umeme wa ukutani hunguruma mara 100 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu una mizunguko 50. Mngurumo huo hautembei hewani sana, unapitia meza. Itumbukize ndani ya ndoo, chini yake weka kipande cha godoro, na mipira yake iwe laini. Hewa yote itoke kwenye mabomba, maana mapovu hucheka usiku. Hadidiski ya kuzunguka itoe, weka SSD. Kama huwezi kuiacha, ining'inize kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli; mtikisiko utaishia humo.

6. Shindwa kwa heshima

Jaribu maji kwa siku nzima pampu ikiwa peke yake, kompyuta ikiwa haina umeme, tishu nyeupe zikiwa zimefungwa kwenye kila kiungo. Tishu ikilowa, kaza kiungo na uanze tena.

Na kama mtambo utazidiwa, uache uzidiwe. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya prosesa zikivuliwa kipozeo zikiwa kazini: Athlon ilifuka moshi, Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea. Prosesa za leo zote zina tabia hiyo ya pili. Zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kazi zenyewe, na zikizidi hujizima. Wewe itangulie. Weka kikomo cha wati kwenye BIOS, tuseme 45, na mchana wa Januari utapita bila mshituko. Filamu itachelewa kutoka kwa dakika kadhaa. Hayo ni malipo halali ya kimya.

7. Au ihamishe kabisa

Mkato huu unazidi yote, na nimeuweka mwisho kwa sababu ungeusoma mapema usingejenga kitu. Iweke mashine chumba cha pili, pamoja na ndoo, pampu na kila kinachonguruma, kisha pitisha nyaya ukutani. Mezani ibaki skrini na kibodi. Waya wa USB wa kawaida ukizidi mita 5 huanza kusumbua, kwa hiyo nunua wenye kikuza mawimbi katikati. Toboa ukuta kabla ya kupaka rangi, na umwambie fundi tundu liwe na upana wa kichwa cha HDMI, si wa waya wake.