La Sivyo, Nunua Nyingine

Tangu 2015, kompaila ya Swift, lugha ya programu ya Apple, humzuia mwandishi wa programu kuita fankisheni ambayo simu ya zamani haina, mpaka aweke sharti: toleo la mfumo wa simu likiruhusu, endelea, la sivyo, fanya hivi. Clang, kompaila ya C, nayo husoma alama za lini fankisheni ilizaliwa, lini ilistaafishwa, lini ilizikwa. Heshima iliyoje!

Ila kelele hizo zina dawa. Pandisha toleo la chini kabisa la mfumo ambalo programu inakubali, kompaila hunyamaza. Huku Dundori, Kenya, mkulima wa viazi, mwenye simu iliyorithiwa na watoto kwa zamu, anaambiwa kifaa chake hakifai. Ile "la sivyo" ilihamishiwa mfukoni mwake, na madalali wa viazi walishapita huko.