Muulize Mjomba: Wamenipigia Simu, Nirudi?

*Mjomba shikamoo. Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha sabuni kwa miaka 14. Mwaka jana tukapunguzwa, tukaambiwa biashara ngumu. Jumapili meneja kanipigia, sauti laini kama mtu anayeposa. Anasema nirudi, sisi ni familia. Mshahara umeshuka kidogo, na kuna miezi sita ya majaribio. Mke wangu anasema niende hata leo. N.B. Kabla ya yote hayo aliniuliza lile boksi lililokunjwa nilikuwa naliweka upande gani wa mashine ya kufungashia. — Fundi, Mbagala*

Marahaba mpwa. Barua yako nzima iko kwenye hiyo N.B., na wewe umeiweka mwisho kama salamu za shangazi.

Nadhani naona kilichotokea. Mashine ilikuwa inatetemeka, wewe ukaikunjia kipande cha boksi la katoni ukakisokomeza chini ya mguu, ikatulia miaka yote hiyo. Ulipoondoka akaja bosi mpya mpenda usafi, boksi likafagiliwa. Sasa sabuni zinatoka zimevaa karatasi nusu kama watoto waliokurupushwa bafuni, na vijana wenye kompyuta mpakato wameizunguka mashine wiki ya pili. Usimwambie mtu ni upande gani. Hata mimi usiniambie.

Tuje kwenye familia. Mimi natoka kwenye familia kubwa, wajomba peke yetu tuko saba, na sijawahi kuona mtu anapewa notisi ya siku 28 kwa sababu unga umepanda bei. Meneja akikwambia familia, mwitikie kwa adabu, kisha muulize hiyo familia inalipa tarehe ngapi.

Kuhusu hesabu ya zamani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, ila hesabu inakomea miaka 10. Kwa hiyo kama walikulipa kwa kipimo hicho, ulichukua siku 70, na ile miaka minne ya juu, pamoja na usiku uliokesha na mashine watu wakila pilau la Idi, uliichangia kama mchango wa harusi. Ukirudi kama mgeni, unaanza tena na sifuri. Ndiyo maana neno "majaribio" linanikera. Wanakujaribu nini? Kama bado unakumbuka choo kiko wapi? Miaka yako 14 wanaitaka wakati wa kutafuta boksi. Basi waitambue kwa maandishi kwenye mkataba, na mshahara usishuke hata shilingi. Akisema yataandikwa baadaye, mwambie na boksi utalileta baadaye.

Mama watoto usimpuuze. Amekuona miezi yote hii ukifungua feni isiyo na ubovu, ukiifunga, ukiifungua tena. Nenda, ila si kesho. Nenda Jumatano, umevaa shati la kanisani au msikitini, na upitie getini taratibu ili mlinzi akusalimie kwa sauti. Ndani utakuta spana yako namba 17, ile uliyoipaka rangi nyekundu, inaning'inia kiunoni kwa kijana aliyebaki. Hapo moyo utaruka. Mwachie. Omba mpya, iingie kwenye mkataba.

*Mjomba, rafiki yangu ananitia moyo nirudi kwa mwajiri wangu wa zamani, anasema hata Steve Jobs alirudi. — Mwenye Ndoto, Tabata*

Ni kweli, Jobs alisukumwa pembeni, akaondoka Apple mwaka 1985. Lakini aliporudi, Apple walikuwa wameinunua kampuni yake ya NeXT kwa mamia ya mamilioni ya dola. Wewe wamekuahidi nauli ya bajaji. Rudi kama kazi unaitaka, ila huyo rafiki mwambie atafute mfano wa Tabata.

*Mjomba, mimi ni afisa rasilimali watu. Tulimpunguza mhasibu kwa barua nzuri tu, yenye nembo na muhuri. Sasa mkaguzi anakuja, mafaili hatuyaoni, na simu yangu hapokei. — Nimebanwa, Posta*

Nembo haikuwa na tatizo. Mlimpa saa moja akusanye vitu vyake, mlinzi akamsindikiza hadi getini huku akimpekua mkoba, na kikombe chake cha chai kikabaki juu ya kabati. Kitafute hicho kikombe, kioshe. Mpelekee nyumbani wewe mwenyewe, usimtume dereva, na beba sukari kilo mbili. Ukikaribishwa kwenye mkeka, kaa. Uliza watoto wanaendeleaje kabla hujataja mafaili, na mshahara utaje wewe kwanza, ukiwa umeupandisha.

Nayajua haya kwa sababu na mimi niliwahi kupunguzwa, ukurasa ulipopungua. Miezi minane baadaye mhariri akaja na sukari, kilo moja, nami nikakubali haraka haraka bila kusoma mkataba. Ndiyo maana leo nalipwa kwa barua ninayojibu, si kwa urefu wa jibu, na lako linaishia hapa.