Mpunga Uani, Kiingereza Ndani

Mchele wa chenga tulioula nyumbani kwetu Nyahanga kuanzia Juni hadi Septemba mwaka 2022 ulitokana na mtihani wangu wa Kiingereza.

Mume wangu ni fundi wa mitambo ya migodini. Aliondoka Buzwagi, hapa hapa Kahama, mwaka 2018, miaka mitatu kabla mgodi ule haujasimamisha uzalishaji, akaenda kwenye dhahabu ya Kalgoorlie, Australia Magharibi. Mwanzoni mwa 2022 akapiga simu usiku, sauti imejaa furaha: anaandaa maombi ya ukaazi wa kudumu, yeye, mimi na watoto wawili. Jambo moja tu lilikuwa limebaki. Mtegemezi aliyetimiza miaka 18 lazima athibitishe kwamba Kiingereza chake kinatosha kwa matumizi ya kila siku. Asipothibitisha, mwaka ule alilipiwa ada ya pili, karibu dola 4,900 za kule. Kwa fedha yetu wakati ule ilikuwa yapata milioni nane.

"Barua ya shule itatosha, mke wangu. Si ulisoma sekondari kwa Kiingereza?"

Nilisoma, ndiyo. Nikaifuata ile barua mara tatu. Mara ya kwanza mkuu wa shule alikuwa safarini, mara ya pili daftari la wanafunzi wa miaka yetu halikuonekana, mara ya tatu nikarudi nayo, imegongwa muhuri. Mume wangu akaipokea kwenye simu, kisha akanyamaza. Safari hii alikuwa ameyasoma masharti taratibu: shule ya msingi yote pamoja na miaka mitatu ya sekondari, au miaka mitano ya sekondari, na masomo yote yawe yamefundishwa kwa Kiingereza.

Nilihesabu kwa vidole. Darasa la kwanza hadi la saba, Kiswahili. Kidato cha kwanza hadi cha nne, Kiingereza, miaka minne. Umepungua mmoja.

Hili liliniuma, na bado linaniuma. Watoto wa Kitanzania wasiohesabika wamevushwa mto ule ule: darasa la saba unajifunza sayansi kwa lugha unayoiota usiku, Januari unakuta kitabu cha baiolojia usichoweza kukiuliza swali. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, anaandika ubaoni kwa Kiingereza, nawe unakariri. Mtihani wa kidato cha nne ukauandika kwa Kiingereza, Baraza la Mitihani likakupa cheti, na miaka ishirini baadaye mtu wa mbali anakwambia haitoshi. Sikumlaumu huyo wa mbali. Nilimwonea huruma yule msichana wa kidato cha kwanza aliyeacha kunyoosha mkono darasani.

Ukabaki mtihani wenyewe, IELTS, kule Dar es Salaam: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza, na wastani usishuke chini ya 4.5. Ada na nauli vingetoka kwenye mpunga tuliokuwa tumeuvuna.

Binti yangu wa darasa la sita, anayesoma shule ya Kiingereza, akatunga sheria: nyumbani Kiingereza tu. Akakata boksi la sabuni, akalitoboa, akalifunga kamba. Atakayeponyokwa na Kiswahili alivae shingoni mpaka ampate mwingine. Nilishtuka nilipoliona. Shuleni kwetu lilikuwa la mbao.

Mama mkwe tulimwambia sheria haimhusu. Akakataa. "Mayu, mimi nisikuharibie masomo," alinijibu, akiniita mama kwa Kisukuma, na tangu hapo akafunga mdomo. Asubuhi nilipiga goti kumwamkia, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia kwa kichwa tu. Mama huyu huongea na kuku wake, na sufuria, na wapita njia. Siku tatu nyumba ilikuwa kama ina msiba, nami nikajipa moyo kwamba ni kwa ajili ya watoto.

Siku ya nne, katikati ya Mei, tulitandaza mpunga uani juu ya maturubai mawili, magunia tisa, upate jua la mwisho kabla ya kupelekwa mashineni. Mvua tulishaiaga. Watoto wako shule. Nimejifungia chumbani, spika za masikioni, nafanya mazoezi ya kusikiliza: mwanamke anaulizia chumba cha kupanga, nami naandika namba ya simu anayoitaja.

Mama mkwe aliliona wingu likitokea upande wa Isaka. Akaja mlangoni. Akagonga, sikusikia. Neno alilokuwa nalo lilikuwa moja, alilolisikia kwa wajukuu: "Kam! Kam!" Akaliita mpaka likamkauka, akarudi uani, akaanza kukunja turubai peke yake, na miaka yake sabini na miwili.

Nilipotoka, maji yalikuwa yameshatuama katikati ya turubai na punje zinaelea. Yeye amepiga magoti, kanga imemganda mgongoni, anazoa mpunga kwa ungo. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kisukuma, maneno mengi ya siku nne kwa mkupuo. Nililia nikiwa nimemshika mikono. Lile boksi nililitia jikoni kwenye moto jioni hiyo hiyo.

Mpunga ulionyeshewa ukianikwa tena, punje hupata nyufa. Mashine ya kukoboa huzimalizia. Magunia yote tisa yakatoka chenga, na mnunuzi akatoa bei ya kutia huruma. Nauli nilikopa kwa wifi.

Majibu: kusikiliza 4, kusoma 4.5, kuandika 4.5, kuzungumza 5. Wastani 4.5, bila hata nukta ya ziada.

Chenga tuliyobaki nayo mama mkwe aliipikia uji na vitumbua. Jioni moja akiwa jikoni alimwita mjukuu wake, akamuuliza wazungu mvua wanaiitaje. Akalirudia neno mara tatu huku akikoroga. Msimu uliofuata, mpunga ukiwa uani na wingu likijikusanya, ilitoka sauti iliyotikisa mabati: "Reni! Reni, mayu, reni!" Nilitoka mbio hata viatu sikuvaa.