Sifa za Paa Bovu

Paa zima halijawahi kuambiwa asante. Wageni huingia nyumbani, wakasifu sebule, wakasifu jiko, wakauliza bei ya makochi, na hakuna hata mmoja anayesema: jamani, paa lenu linakinga vizuri! Basi nami sitalisifu. Namsifu ndugu yake aliyechoka, paa linalovuja, na hasa lile la vitongoji vya Minneapolis, jimboni Minnesota. Huko Januari kipimajoto hushuka chini ya sifuri kikagoma kupanda kwa siku nyingi, na huko Wakenya na Wasomali wengi wamenunua nyumba wakakabidhiwa, pamoja na funguo, uzembe wote wa mwenye nyumba aliyetangulia.

Msifu hodari huanza na nasaba. Kigae cha lami, kinachofunika nyumba nyingi za Marekani, si mtoto wa jalalani. Ukoo wake huhesabiwa kutoka Grand Rapids, Michigan, ambako mwaka 1903 fundi wa mapaa aitwaye Henry Reynolds alianza kukata marobota ya lami yenye changarawe juu yake yawe vipande vya kupangwa kimoja juu ya kingine. Wala mtu asidhani kuvuja ni ugonjwa wa wanyonge. Katikati ya Minneapolis ulikuwapo uwanja wa Metrodome, uliofunguliwa 1982, paa lake likiwa la kitambaa kilichotunishwa kwa hewa ya mashine. Tarehe 12 Desemba 2010, baada ya dhoruba iliyomwaga theluji zaidi ya sentimita 40, paa lile lilichanika mbele ya kamera, shehena yote ikaporomokea uwanjani. Timu ya nyumbani, Vikings, ikaenda kuchezea mechi yake Detroit. Uwanja uliochukua nafasi hiyo, uliofunguliwa 2016, una paa lenye mteremko mkali ili theluji ishuke yenyewe. Hata matajiri walisomeshwa na paa bovu.

Baada ya nasaba, elimu. Hakuna mwalimu wa fizikia alifikiaye paa bovu wakati wa baridi. Theluji inatua juu. Joto la sebuleni, ulilolilipia bili ya gesi, linapenya kwenye dari lenye pamba haba ya kuzuia joto, linajaa chini ya paa na kuzipasha mbao. Theluji inayogusa vigae inayeyuka. Maji yanateremka chinichini hadi ukingoni, pale paa linapotokeza nje ya ukuta na chini yake hakuna chumba chenye joto. Hapo yanaganda. Yanayofuata yanagandia juu ya hayo. Siku chache baadaye kuna tuta la barafu, na nyuma ya tuta kuna bwawa. Vigae vilipangwa kuteremsha maji, havikupangwa kuyahifadhi. Maji yanarudi kinyumenyume chini yake, yanapata tundu la msumari, na tone la kwanza linatokea juu ya fremu ya dirisha. Mvua inanyesha ndani, nje anga ni buluu tupu.

Lakini sifa yake kuu ni ukweli. Mwenye nyumba hulaumu baridi, hulaumu theluji, hulaumu fundi aliyekwisha kustaafu. Paa bovu linamjibu: kikulacho ki nguoni mwako. Bwawa lile limechimbwa na joto lako mwenyewe, lililotoroka huku ukililipia. Ni mkaguzi wa hesabu asiyehongeka, na ripoti yake huibandika ukingoni mtaa mzima usome. Pita asubuhi moja siku kadhaa baada ya theluji kuanguka. Nyumba ambayo paa lake bado ni jeupe kote imezibwa vizuri darini. Ile ambayo vigae vyeusi vimekwisha kuchungulia kileleni, na vijiti vya barafu vinaning'inia kwenye gata, hiyo inapasha joto mawingu.

Linafundisha na unyenyekevu. Nimemwona bwana mmoja msomi, koti limemfika magotini, akishindilia chumvi ya kuyeyushia barafu ndani ya soksi ndefu za mkewe, zile nyepesi za kuvaliwa na sketi. Alizirusha zikalala kukatiza tuta, ili ziyeyushe njia ya maji. Dawa hiyo inajulikana mitaa yote ya baridi, na pengine husaidia. Ila miguu miwili minene ya rangi ya kaki ililala juu ya nyumba ya heshima mpaka Machi. Jirani yake alichagua shoka. Alivunja barafu, akavunja na vigae. Wenye busara hukokota theluji mapema kwa reki ya mpini mrefu, wakiwa wamesimama chini. Wenye fedha huita watu wa mashine ya mvuke.

Tena paa bovu halina uchoyo wa wageni. Mvua ya mawe ya kiangazi ikishalipiga, kengele ya mlango haipumziki. Wanakuja vijana wenye fulana za kampuni, wanasema walikuwa wakipita tu, wanaomba kupanda, wanashuka na picha za simu zilizojaa makovu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila miongoni mwao wamo vishoka wanaofukuzia dhoruba kutoka jimbo hadi jimbo. Wengine huahidi kukubebea ile sehemu ya gharama ambayo bima humwachia mwenye nyumba ailipe mwenyewe. Sheria ya Minnesota inakataza ahadi hiyo, na mtu anayebisha hodi kwa kuvunja sheria amekupunguzia kazi ya kumchunguza.

Halafu kuna subira. Paa huvuja Februari, lakini mafundi wazuri hupenda kulifumua siku za joto, kwa kuwa kila kigae kina ukanda wa gundi unaotaka jua ndipo ushike. Miezi ya katikati ni ya ndoo. Siku ikiwadia, saa moja asubuhi kikosi kiko juu, sepetu zenye meno zinang'oa vigae, navyo vinaporomoka hadi kwenye maturubai. Ndani, picha zinacheza ukutani. Mbao zilizooza zinatolewa, mpya zinapigiliwa, kisha ukingoni unabandikwa utando wa lami wenye gundi. Kanuni za ujenzi zinautaka upande mpaka uvuke ukuta wa nje na kuingia ndani sentimita 60 hivi, yote hayo kwa heshima ya lile bwawa. Kazi ikiisha, fundi mmoja anazunguka uani akisukuma sumaku yenye magurudumu, na misumari iliyojificha kwenye nyasi inaidandia kwa mlio mdogo, tik, tik, tik.

Wapinzani watasema: si lipo jipya sasa, yamekwisha? Hapo ndipo paa bovu linapostahili heshima ya mwisho. Mwenye nyumba amelipa maelfu ya dola kwa vigae, lakini hakupanda darini kuziba matundu ya nyaya na mabomba, hakuongeza pamba, wala hakuiachia hewa baridi njia ya kuingilia ukingoni na kutokea kileleni. Utando utamkinga kwa kiasi chake. Joto litaendelea kutoroka, na Januari tuta litarudi mahali pake, safari hii likiwa limekalia vigae vyenye cheti cha dhamana, ambacho kwa kawaida hakifidii madhara ya barafu. Paa bovu lilimwambia ugonjwa ulipo. Yeye akamnunulia mgonjwa kofia.

Anayelisikiliza huanza na dari, ndipo aende kwenye vigae, naye hulala pakavu. Nawasihi msimwige. Mkiziba kila tundu, bili ya gesi itashuka, vijana wa fulana watakosa wa kumbishia hodi, soksi zitarudi kwa wenyewe, na sisi tunaoishi kwa kusifu mabaya tutalazimika kuhamia kwenye mashimo ya barabarani, ambako foleni ya waandishi tayari ni ndefu mno.